Mizani ya Kibuye na Kompyuta za Zamani

Kompyuta iliyomaliza kazi yake ofisini au shuleni huwa na njia tatu mbele yake. Inaweza kutengenezwa ikatumika tena, inaweza kuvunjwa na kuuzwa kwa kilo, au inaweza kuhifadhiwa ili watakaokuja baadaye waone jinsi watu walivyofanya kazi. Njia ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote. Inadai nafasi, umeme, vipuri, mafundi na maandishi ya kueleza mashine ni ya nini, na ni nadra jumba moja la makumbusho kuwa na vyote hivyo. Ndiyo maana makumbusho yanayohifadhi kompyuta hutegemeana: jumba moja humiliki mashine na jingine huihudumia, moja hutoa bodi iliyozidi na jingine hutoa nakala ya programu. Katika Kenya ya magharibi njia zote tatu zinaanzia sokoni, na soko lenyewe ni Kibuye.

Kibuye iko kando ya barabara ya Jomo Kenyatta mjini Kisumu, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji ukielekea Kondele. Biashara ipo kila siku, lakini siku yake hasa ni Jumapili, wachuuzi wanapofurika kutoka pande zote za Nyanza na soko likawa miongoni mwa masoko makubwa ya wazi Afrika Mashariki. Nilifika Kisumu Jumamosi asubuhi kwa treni iliyoondoka Nairobi Ijumaa jioni, nikaisubiri Jumapili hiyo. Upande mmoja kuna mitumba na omena; upande mwingine nyundo hazinyamazi, mafundi wa jua kali wakigeuza bati kuwa majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Mahali hapo hakuna kitu kinachotupwa bure. Pipa la mafuta hugeuka jiko, tairi hugeuka kandambili, na kompyuta iliyokufa hutolewa waya wa shaba, kipozeo cha alumini na bati la kasha, kila kimoja kikawekwa kwenye mizani peke yake.

Ustadi wa Kibuye ni wa kweli na haustahili kudharauliwa. Fundi anayejua kutoa kipuri kizima katika mashine tatu mbovu na kuifufua ya nne anafanya kazi ileile inayofanywa na mafundi wa makumbusho ya Ulaya. Tofauti ni moja tu, nayo ni ya kumbukumbu: sokoni kipande kikishatoka hakikumbuki kilitoka wapi.

Kisumu ina historia ndefu ya mashine zilizofika vipande vipande. Kabla reli haijafika ufukweni mwezi Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, meli SS William Mackinnon ilikwisha kuletwa kutoka Uingereza ikiwa imefunguliwa, ikabebwa kutoka pwani hadi ziwani, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1900. Meli ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu kila kipande kilikuwa na alama yake na kila alama ilikuwa na mahali pake katika michoro. Bila alama hizo, mzigo uleule ungekuwa rundo la vyuma. Kanuni hiyo ndiyo roho ya kazi yote ya kuokoa kompyuta, na itarudi tena katika maelezo yafuatayo.

Kompyuta zenyewe zilikuja Afrika Mashariki kupitia taasisi kubwa. Katika miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa mashirika ya mwanzo nchini Kenya kuzitumia, kwa kazi za hesabu na mishahara. Serikali ya Tanzania iliweka yake katika Wizara ya Fedha mwaka 1965: mashine ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ambayo mwaka 1968 ilikuja kuwa sehemu ya ICL. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, uamuzi uliolegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1977. Mashine za zama hizo zilijaza chumba kizima, zilisoma kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, na zilihitaji baridi ambayo wafanyakazi wengine wa ofisi hawakuwa nayo.

Wimbi la pili lilikuwa kubwa zaidi na la watu wengi zaidi. Intaneti ilianza kuuzwa Kenya mwaka 1995. Mwaka 2002 likaundwa shirika la Computers for Schools Kenya, lenye kazi ya kupokea kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Nyingi zilitoka ng'ambo, zikitolewa na makampuni na ofisi za serikali zilizokuwa zikinunua mpya. Computer Aid International ya London ilikuwa miongoni mwa waliozikusanya, kuzifuta taarifa na kuzisafirisha. Mashine iliyohesabiwa kuwa imezeeka London ilianza maisha mapya katika darasa lenye madawati ya mbao karibu na ziwa. Baada ya miaka minane au kumi ya vumbi na umeme unaopanda na kushuka, nayo ikachoka. Msaada wa jana umekuwa kitu cha kale leo, na wanaokuja kuuchukua ni watu wenye mizani.

Hapa pana jambo ambalo wakusanyaji wa ng'ambo hulipita. Kwao kompyuta yenye thamani ni ile adimu, iliyotengenezwa chache au iliyokuwa ya kwanza. Kompyuta ya mezani ya mwaka 1999 haiwashughulishi, kwa kuwa zilitengenezwa mamilioni. Lakini kasha lililobandikwa karatasi ya namba ya ofisi fulani ya Uingereza upande mmoja, na upande wa pili likaandikwa kwa brashi na rangi nyeupe namba ya mali ya shule ya Nyanza, ni kitu ambacho London haina na haitakuwa nacho. Ndani yake mna historia mbili. Niliona kasha moja la aina hiyo Jumapili ile, juu ya gunia, likisubiri zamu yake. Muuzaji alilipima, akasema, "Kilo saba, mzee," na kwa upande wake hesabu ilikuwa sahihi.

Kinachopotea kompyuta inapovunjwa ni zaidi ya kasha. Chipu iliyobeba maagizo ya kuwasha mashine hutupwa pamoja na bodi. Diski ngumu, ambayo huenda bado ina barua za mwalimu mkuu, ratiba za masomo na mitihani ya muhula iliyochapwa kwa Kiswahili na Kidholuo, hufunguliwa kwa ajili ya sumaku na alumini. Monita za zamani za kioo kinene ndizo zenye hatari kubwa, kwa sababu kioo chake kina madini ya risasi, na mrija wake huweza kushika maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa. Waya zinapochomwa ili shaba ibaki, moshi wake ni sumu kwa mchomaji na kwa majirani. Kenya ina miongozo ya taka za elektroniki tangu mwaka 2010, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawapa wazalishaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao hadi mwisho wa maisha yake. Sheria hizo zinalinda hewa na maji. Historia inahitaji mlinzi mwingine.

Hata mashine ambayo haikuvunjwa huendelea kufa polepole stoo. Bodi nyingi za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zina betri ndogo ya nikeli na kadimia iliyoungwa moja kwa moja kwenye bodi. Betri hiyo huvuja, na majimaji yake hula njia nyembamba za shaba hadi zikatike. Kapasita nazo huvimba na kuvuja, plastiki hugeuka rangi ya njano na kuwa dhaifu, na flopi zilizokaa kwenye unyevu huota ukungu. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini ina joto na unyevu wa ziwa, na stoo ya bati ya shule huongezea vumbi na viota vya wadudu. Kosa linaloua mashine nyingi ni la nia njema: mtu huichomeka kwenye umeme kuona kama bado inafanya kazi. Kapasita iliyokauka hulipuka, na kilichokuwa kinatengenezeka hakitengenezeki tena. Mhifadhi huanza kwa kupiga picha, kisha kutoa betri, kisha kupima kifaa cha umeme kikiwa peke yake, na mashine yenyewe huwashwa mwisho kabisa.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yako kando ya barabara ya kwenda Kericho. Wageni wengi huenda kuona mamba, nyoka na samaki wa ziwa, lakini kiini chake ni vifaa vya kazi na vya nyumbani vya watu wa Kenya ya magharibi. Nje kuna Ber-gi-dala, mji kamili wa Kijaluo uliojengwa kwa kimo chake halisi, wenye nyumba za wake watatu, mikayi, nyachira na reru, na nyumba ya mwana wa kwanza. Nyumba hizo ni funzo kubwa kwa anayefikiria kompyuta. Ukuta wa udongo usiposiribwa tena huanguka, na paa la nyasi lisipoezekwa upya huoza. Kwa hiyo kuihifadhi nyumba ya Kijaluo ni kuendelea kuijenga, kwa mikono ya watu wanaojua kuijenga, na ujuzi huo ukikatika nyumba nayo imekwisha hata kama picha zake zipo. Kompyuta inayofanya kazi iko hivyo hivyo. Sehemu zake hubadilishwa moja baada ya nyingine, na kinachobaki ni mpangilio wake pamoja na maarifa ya kuuendesha.

Mfano ulio wazi zaidi wa makumbusho kusaidiana katika jambo hili unatoka Uingereza. Kompyuta ya Harwell, iliyoanza kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa nguvu za atomiki, ilikuwa na uzito wa tani mbili na nusu na ilihesabu kwa taa maalumu 828 zinazoitwa dekatroni. Ilikuwa polepole lakini haikuchoka. Mwaka 1957 ilikabidhiwa chuo cha ufundi cha Wolverhampton, ambako ilipewa jina la WITCH na kutumiwa hadi 1973. Kutoka hapo ikaenda kwenye jumba la makumbusho ya sayansi la Birmingham. Jumba hilo lilipofungwa mwaka 1997, mashine ilifunguliwa na kuwekwa ghalani, na kwa zaidi ya muongo mmoja karibu kila mtu akaisahau. Ilikumbukwa baada ya mtu mmoja kutambua sehemu yake katika picha ya ghala hilo. Mwaka 2009 Birmingham iliikopesha kwa Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta yaliyoko Bletchley Park, na wafanyakazi wa kujitolea wakaiunga kwa miaka mitatu. Novemba 2012 iliwashwa tena mbele ya watu, baadhi yao wakiwa wameitumia ujanani.

Kilichoiokoa ni mambo mawili. Birmingham haikuitupa wakati haikuwa na mahali pa kuionyesha, na ilipokosa uwezo wa kuifufua ilikubali kuiacha iende kwa wenye uwezo huo, bila kuona kuwa imepokonywa. Jambo la pili ni kuwepo kwa watu wa kati. Tangu mwaka 1989 Uingereza ina Jumuiya ya Uhifadhi wa Kompyuta, iliyoanzishwa na Science Museum ya London pamoja na chama cha wataalamu wa kompyuta. Wanachama wake wengi ni mainjinia wastaafu wanaokwenda popote mashine ilipo, jumba lolote, na kazi moja ikifundisha nyingine.

Huko California, Computer History Museum lilipotaka kufufua IBM 1401, mashine ya mwaka 1959 iliyofanya hesabu za makampuni na serikali nyingi duniani, lililetewa moja kutoka mji wa Hamm, Ujerumani, mwaka 2004. Ya pili ilipatikana Connecticut mwaka 2008. Kuwa na mbili zinazofanana ni faida kubwa, kwa kuwa moja ikikwama fundi hulinganisha na ile nzima. Mwenye uzoefu wa Kibuye analijua hilo bila kufundishwa.

Upo pia mfano wa kuonya. Mjini Seattle, Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alifungua mwaka 2012 makumbusho ambayo mgeni aliweza kukaa mbele ya kompyuta ya kale na kuitumia. Allen alifariki mwaka 2018, makumbusho yakafungwa 2020, na mwaka 2024 vitu vyake vingi vikauzwa kwa mnada. Mali ilikuwa ya mtu mmoja, na iliondoka naye. Kutokana na hayo, karatasi inayosainiwa siku ya kupokea mashine inastahili uzito sawa na mashine yenyewe. Hati nzuri hutaja nani anatoa, anatoa moja kwa moja au anaazima, na kifaa kitakwenda wapi iwapo jumba litafungwa au litaona limepata kilicho bora.

Kazi ya kila siku ya ushirikiano haina mvuto wa kuwashwa kwa WITCH, lakini ndiyo inayobeba yote. Kila kifaa hupewa namba, huandikwa katika daftari la mapokezi, na historia yake huandikwa ingali katika kinywa cha aliyekitumia. Taarifa za watu zilizobaki kwenye diski hushughulikiwa kwanza: hunakiliwa kwa ruhusa au hufutwa, na nchini Kenya hilo ni wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Programu hunakiliwa kutoka flopi kabla sumaku haijafifia, na nakala huwekwa zaidi ya mahali pamoja, maana faili ni rahisi kugawana kuliko mashine ya kilo mia. Mashine zilizo zaidi ya moja hupelekwa kwa jumba lisilo nayo, au hubaki kuwa vipuri vya wote. Zikivuka mipaka huhitaji hati za kuthibitisha kwamba ni vifaa vya makumbusho. Mkataba wa Basel wa 1989, uliokazwa kuanzia Januari 2025 kwa taka zote za elektroniki, unazuia shehena ya taka kupelekwa nchi nyingine bila idhini, na forodha haina jinsi ya kutofautisha kompyuta ya 1985 na taka isipokuwa kwa karatasi.

Makumbusho ya Kenya si mageni katika ushirikiano wa namna hii, ila yameufanya kwa vitu vingine. Mwaka 2006 maonyesho ya Hazina yaliletwa Nairobi kwa vifaa vya Afrika Mashariki vilivyoazimwa kutoka British Museum. Baadaye mpango wa orodha za kimataifa uliwaunganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, majumba mawili ya Ujerumani na wasanii, wakaorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje. Picha za michoro ya miambani zilizokusanywa na shirika la TARA la Nairobi zimeorodheshwa na British Museum na kufunguliwa kwa umma. Ujuzi wa kuandika mkataba wa mkopo, kukagua hali ya kifaa na kugawana orodha umo nchini.

Sheria ndiyo haijaikumbuka kompyuta. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango ya kuchongwa, fahari ya Lamu na Mombasa, inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1946. Mashine ya kadi za matundu ya miaka ya 1960 haimo katika fungu lolote kati ya hayo. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa kifaa kinacholindwa. Kwa maoni yangu kompyuta chache zilizobaki za mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, popote zilipo katika ghala za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, zinastahili tangazo hilo kama mlango wowote, kwa sababu ni mashine ambazo nchi tatu zilizitumia kwa pamoja kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977.

Kwa Kisumu mwanzo si wa gharama kubwa. Makumbusho yapo, yana wahifadhi na yamezoea vyombo vya kazi. Vyuo vikuu vya jirani vina wanafunzi wa kompyuta wanaohitaji mashine za kujifunzia. Kibuye ina mafundi wanaojua kufungua na kufunga, na ina wanunuzi wa chuma chakavu ambao hukutana na kila kompyuta ya kaunti za ziwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Wanunuzi hao wakipewa bei iliyo juu kidogo ya ile ya chuma kwa kila kasha zima lenye namba ya shule au ofisi, watalileta wenyewe. Mashine tano za aina moja zikipatikana, moja ibaki Kisumu, moja iende Nairobi, moja ipelekwe Uganda Museum ya Kampala au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na mbili ziwe vipuri vya wote.

Kwa sasa, mwalimu, karani au mfanyabiashara mwenye kompyuta ya kale stoo asiiwashe na asiifungue. Aipige picha pande zote, aandike ilitoka wapi, nani aliitumia na kwa kazi gani, abandike karatasi hiyo juu ya kasha, na awapigie simu watu wa makumbusho kabla ya Jumapili.